UZI: Mhusika wa kujirudia kwenye skechi za TV, je, alizaliwa na mashabiki au na ratiba?

MzeeWaAntena (mwanzisha uzi)

Wakuu, mjadala wa vichekesho vya televisheni ukifika kwa wahusika wa kujirudia, jibu huwa lile lile: "alirudi kwa sababu watu walimpenda." Walimpenda, sawa. Lakini ukiifuata historia yenyewe utaona kwamba mara nyingi mhusika alirudi kwa sababu kipindi kilikuwa kimeishiwa. Kipindi cha kila wiki hula maandishi upesi kuliko waandishi wanavyoyatoa. Mhusika ambaye wigi lake lipo, sauti yake inajulikana na mpangilio wa skechi yake (igizo lake fupi la kuchekesha) umeshajaribiwa hupunguza kazi ya wiki nzima.

Tuanze na mwaka 1950. Kituo cha Marekani cha NBC kilianzisha Your Show of Shows: dakika 90, mbashara kila Jumamosi usiku, wiki 39 kwa msimu. Sid Caesar alikuwa na profesa wake wa Kijerumani, anahojiwa na Carl Reiner anayecheza mwandishi wa habari. Kofia iliyobonyea, koti lililochakaa, lafudhi nzito, na ubingwa wa fani asiyoijua hata kidogo. Leo ni bingwa wa usingizi, siku nyingine ni bingwa wa kupanda milima. Waandishi wa kile chumba, wakiwemo Mel Brooks na Neil Simon, hawakulazimika kubuni kitu kizima upya. Walibadilisha fani tu. Fremu imesimama, mada inazunguka. Kanuni hiyo ndiyo imebeba karibu kila mhusika wa kujirudia hadi leo.

Wengine walikuja na mzigo wao kutoka redioni. Red Skelton alipoingia kwenye TV mwaka 1951 alikuwa tayari na Clem Kadiddlehopper, mshamba mwenye kauli za kizembe, ambaye wasikilizaji walimjua kwa sauti. TV ikamwongezea sura na mwendo. Skelton alidumu hewani miaka 20.

Jackie Gleason ndiye mfano ninaoupenda zaidi. Tarehe 5 Oktoba 1951, kwenye Cavalcade of Stars ya mtandao wa DuMont, aliweka skechi fupi ya mume na mke wanaogombana kwenye chumba kimoja cha kupanga. Meza, jiko, dirisha, basi. Mandhari rahisi kuliko hiyo ni ngumu kuipata, na nadhani urahisi huo ulichangia sana skechi kurudi. Ilirudi mpaka ikaitwa The Honeymooners, na mwaka 1955 ikawa kipindi cha nusu saa CBS. Vilitengenezwa vipindi 39 tu, kisha Gleason mwenyewe akasimamisha, kwa hoja kwamba asingeweza kukilinda kiwango. Hapo utaona kitu cha ajabu: vipindi 39 vilimchosha kuliko miaka minne ya skechi. Skechi ilikuwa inapumzika wiki ambazo haikuwa na la kusema. Kipindi cha nusu saa hakina ruhusa hiyo.

Anayeona tofauti alete hoja.

---

Fundi_Taa

Nakazia kwa ratiba ya Saturday Night Live (SNL), kipindi cha skechi cha Marekani, maana watu huangalia dakika tano za skechi bila kujua zimepita wapi.

Kipindi kilianza 11 Oktoba 1975, George Carlin akiwa mgeni mwendeshaji, Lorne Michaels mtayarishaji, Studio 8H ndani ya 30 Rockefeller Plaza, New York. Wiki yake inakwenda hivi. Jumatatu waandishi na waigizaji wanajazana ofisini kwa Michaels kumtupia mgeni mawazo. Mengi ni danganya toto, hayatafika popote. Jumanne ni kuandika mpaka alfajiri. Jumatano zinasomwa mezani skechi zipatazo 40, na zinazobaki ni kama dazeni. Usiku huo huo wabunifu wa mandhari wanaanza kuchora, na seti zinajengwa Brooklyn kisha kusafirishwa zikiwa vipande. Alhamisi na Ijumaa ni mazoezi na kupanga kamera. Jumamosi saa 2 usiku kuna zoezi la mwisho mbele ya watazamaji halisi, lenye skechi nyingi kuliko zinazohitajika. Linapoisha, Michaels anakata. Saa 5:30 usiku mko hewani.

Sasa ingiza mhusika wa kujirudia kwenye hesabu hiyo. Seti yake inatolewa stoo badala ya kujengwa upya. Wigi limeshapimwa kichwa. Mwongozaji anajua kamera ipi imsubiri usoni na ipi ikae pana kwa ajili ya anguko. Mshika makadi anajua mwigizaji hupumua wapi. Makadi yale, kwa wasiofahamu, huandikwa kwa mkono kwa kalamu nene na hubadilishwa hadi dakika za mwisho. SNL wameng'ang'ania makadi kwa sababu kufuta mstari na kubandika mwingine ni kazi ya sekunde.

Tena kuna meza ya habari, Weekend Update. Mhusika wa pale hahitaji seti kabisa: kiti, ukingo wa meza, mtangazaji wa kumshangaa. Ndiyo maana wahusika wengi wamezaliwa pale. Gilda Radner alikuwa na Emily Litella, bibi aliyesikia neno vibaya, anapandisha hasira kwa dakika mbili kuhusu jambo ambalo halipo, mtangazaji anamsahihisha, naye anajifuta kwa neno moja la upole. Gharama yake: sweta na miwani.

---

Kibwagizo77

Mkuu MzeeWaAntena, hoja yako inaanguka kwa Monty Python, lile kundi la vichekesho la Uingereza. Wale walikimbia wahusika wa kujirudia kwa makusudi, hata mstari wa mwisho wa kuchekesha waliukataa, skechi inakatwa katikati. Na ndio wanaoheshimiwa kuliko wote. Kama ratiba ndiyo inayozaa wahusika, wao mbona haikuwazalia?

---

MzeeWaAntena

Kibwagizo77, angalia ratiba yao. Monty Python's Flying Circus ilianza BBC 5 Oktoba 1969 na kumalizika 1974. Misimu minne: 13, 13, 13, na 6. Jumla vipindi 45, vya nusu saa, vilivyorekodiwa kabla. Waliandika kwanza, wakarekodi baadaye, wakapumzika. Hiyo si njaa ya dakika 90 mbashara kila Jumamosi. Mfano wako unaniunga mkono.

Na hawakukwepa kabisa. Walikuwa na wale wenye leso kichwani wanaopiga kelele, Kanali anayeingia kuzuia skechi kwa kuwa imekuwa ya kipuuzi, na mzee mchakavu anayekimbia kutoka mbali ili atamke neno moja la kufungulia kipindi. Tofauti ni kwamba hawa walitumika kama gundi ya kuunganisha skechi. Ukikataa mstari wa kumalizia, lazima uwe na kitu cha kukutoa skechi moja kukupeleka nyingine, na kitu hicho kikijirudia watazamaji hawapotei.

---

BintiSkrini

Ushahidi mzuri kuliko wote uko Kanada, na ni wa kuchekesha wenyewe.

SCTV, kipindi cha skechi cha Kanada, ilikuwa ikionekana Kanada na Marekani. Toleo la Kanada lilikuwa refu kwa dakika mbili kwa sababu lilikuwa na matangazo machache. CBC, kituo cha taifa cha Kanada, wakadai dakika hizo mbili zijazwe kitu chenye Ukanada unaoonekana. Rick Moranis na Dave Thomas waliona ni dai la ajabu: kipindi kizima kinatengenezwa Kanada na Wakanada, Ukanada gani tena unatakiwa? Kwa kejeli wakakaa mbele ya ramani ya nchi, kofia za sufu, bia mkononi, nyama inakaangwa pembeni, wakabwabwaja bila kuandika chochote. Wakaitwa Bob na Doug McKenzie. Hiyo ni 1980. Mwaka 1981 walikuwa na albamu iliyouzika sana, na 1983 filamu, Strange Brew. Dakika mbili za kujazia zikawa kitu maarufu kuliko kipindi kilichozibeba.

Kitu kingine kama hicho kipo Uingereza. Paul Whitehouse na Charlie Higson walikuwa wakimwandikia mchekeshaji Harry Enfield. Ikatengenezwa kanda ya kuwaonyesha waandishi wa habari, vipande vifupi vifupi vya skechi vimeunganishwa haraka. Walipoitazama wakaona inachekesha kuliko skechi nzima. Wakachukua wazo hilo kuunda The Fast Show, BBC2, mwaka 1994: skechi nyingine zina sekunde chache, mhusika anaingia, anasema neno lake, anaondoka. Hapo kibwagizo, yaani neno la mhusika la kujirudia, si pambo tena, ndiyo skechi yenyewe. Kasoro yake ni kwamba mtazamaji mpya hacheki wiki ya kwanza. Anamwona mtu anatoka kwenye kibanda na kusema alichokula wiki hii, anajiuliza kuna nini hapo. Wiki ya tatu anacheka kabla mlango haujafunguka. Ukitaka kutengeneza mtindo huo, kubali kwamba kipindi cha kwanza kitapondwa.

---

ChumbaChaWaandishi

Naona wengi mnagusa muundo bila kuufungua. Niingie jikoni.

Skechi ya mhusika kwa TV ni dakika nne hadi tano, kurasa tano za mswada hivi, kwa kuwa ukurasa mmoja huenda dakika moja. Ndani ya dakika ya kwanza mtazamaji awe ameshajua mhusika ana tatizo gani na ulimwengu. Ukichelewesha zaidi ya hapo, watu wa ukumbini wanaanza kukohoa. Kisha tatizo lile lile linapanda mara tatu, kila mara kwa gharama kubwa zaidi kwa waliomzunguka.

Mchukueni Matt Foley. Bob Odenkirk aliandika skechi ile wakiwa kwenye jukwaa la vichekesho la Second City, Chicago, Chris Farley akamleta SNL tarehe 8 Mei 1993. Kazi yake ni kuhamasisha vijana. Tatizo: maisha yake mwenyewe yamebomoka, na anayatumia kama mfano. Mwili wake unapanda pamoja na maneno: kwanza anapandisha suruali, halafu anainama usoni kwa kijana, halafu anaiangukia meza ya kahawa na kuivunja. Meza ile ilitengenezwa ivunjike. Hapa ndipo wanaoiga hukosea: wanachukua kelele na meza, wanasahau kwamba Foley anataka kusaidia kwa dhati. Ukiondoa nia njema anabaki mtu mnene anayefoka, na hilo halirudi mara ya pili.

Mhusika anayefaa kurudi ana vitu ambavyo vinaweza kutajwa kwa sentensi moja: anataka nini, na anaharibu vipi. Mary Katherine Gallagher wa Molly Shannon anataka kuwa nyota, na anaharibu kwa woga unaomfanya aangukie viti. Debbie Downer wa Rachel Dratch anataka kuchangia mazungumzo, na anaharibu kwa kuleta habari ya msiba au ugonjwa kila watu wanapofurahi. Kamera inamsogelea usoni, tromboni inalia kwa huzuni. Sentensi ikihitaji "na pia" mara mbili, huyo bado hajaiva.

Mavazi pia yafanye kazi mapema. Mtazamaji amtambue kwa umbo kabla hajafungua mdomo, maana makofi ya kumtambua yanakula sekunde kadhaa, na mwandishi mzuri huziachia nafasi kwenye mswada. Asiyeziacha, mstari wa kwanza unazama kwenye kelele, na mara nyingi mstari huo ndio unaobeba maelezo ya skechi nzima.

Jambo moja la majukwaani: wengi wa hawa hawakuzaliwa kwenye TV. Second City ilifunguliwa Chicago Desemba 1959, The Groundlings wakaanza Los Angeles 1974. Mhusika anafika studio akiwa ameshachezwa mbele ya watu mara nyingi, vichekesho visivyofanya kazi vimeshaanguka njiani. Rowan Atkinson alikwenda mbali zaidi: mwaka 1987 alimpeleka Mr. Bean kwenye tamasha la Montreal na akaomba apangwe usiku wa watazamaji wanaozungumza Kifaransa, apime kama mwili peke yake unatosha bila lugha. Ulitosha. Kipindi kikaanza 1 Januari 1990, na kwa umaarufu wote ule kina sehemu 15 tu.

---

Kibwagizo77

Nimekubali la Python, ila nusu nusu. Sasa swali: waigizaji kucheka wenyewe katikati ya skechi, ni ufundi au ni uzembe? Maana Debbie Downer ya kwanza nzima walikuwa wanacheka.

---

Fundi_Taa

Ile ya 1 Mei 2004, Lindsay Lohan akiwa mgeni. Ilikuwa ajali, na kila kamera ilipomsogelea Dratch usoni hakukuwa na pa kujificha. Ufundi wa skechi ndio uliowaponza: sura ya karibu inamnyima mwigizaji nafasi ya kugeuka.

Lakini kuna wanaotega. Carol Burnett Show, CBS, 1967 hadi 1978, walikuwa wakirekodi mara mbili siku ya Ijumaa mbele ya watazamaji tofauti. Tim Conway alicheza rekodi ya kwanza kama ilivyoandikwa. Wakishapata nakala salama, kwenye rekodi ya pili alileta mambo ambayo mwigizaji mwenzake Harvey Korman hajawahi kuyaona. Korman akivunjika, wanatumia hiyo. Ikiharibika kabisa, ya kwanza ipo. Bila nakala salama, mchezo huo ni kamari.

SNL hawana nakala ya pili, kwa hiyo njia yao ni makadi. John Mulaney, aliyemwandika Stefon, mhusika wa Weekend Update, pamoja na Bill Hader anayemcheza, alikuwa akibadilisha mistari kati ya zoezi la mwisho na kipindi, Hader anaisoma kwa mara ya kwanza akiwa hewani. Ile mikono anayoweka mdomoni ni kuficha kicheko. Inafanya kazi kwa Stefon kwa sababu mhusika mwenyewe ni mtu wa haya na msisimko. Jaribu kwa mhusika mkali, skechi inakufa papo hapo.

Na usalama, jamani. John Belushi alikuwa na samurai wake, upanga mkononi, anaendesha biashara za kawaida. Oktoba 1976 alimkata Buck Henry kwenye paji la uso, mbashara. Henry akabandikwa plasta na kuendelea, na wenzake wakajibandika plasta pia kwa sehemu iliyobaki ya kipindi. Kichekesho kikaokolewa, lakini fundisho linabaki: mhusika akirudi mara nyingi, mwigizaji anaanza kulizoea silaha, na umbali uliopimwa wakati wa mazoezi unapungua bila mtu kuona.

---

NusuSaa

Tuhamie filamu zilizotokana na skechi za SNL, maana huko ndiko hesabu inaonekana wazi.

The Blues Brothers, 1980, ilifanikiwa. Wayne's World ilianza kama skechi 18 Februari 1989, ikawa filamu 1992 na kuingiza zaidi ya dola milioni 180 duniani kwa bajeti ya milioni 20 hivi. Studio zikaamini zimepata njia. Ikaja Coneheads 1993, haikufika huko. It's Pat ya 1994 iliingiza kama dola 61,000 kwa jumla. Elfu, siyo milioni. Stuart Saves His Family ya 1995 haikufika hata milioni moja.

Sababu haina fumbo. Wayne na Garth wana urafiki, wana kipindi chao cha chini ya nyumba wanachokipenda, kwa hiyo mtu anaweza kuja kukinunua na kuwatenganisha. Hapo tayari una filamu. Pat ana swali moja tu: ni mwanamume au mwanamke? Swali likijibiwa, mhusika kaisha. Lisipojibiwa kwa saa nzima na zaidi, mtazamaji kaisha yeye. MacGruber, 2010, ilitokana na vipande vifupi ambavyo kila kimoja kinamalizika kwa mlipuko. Mhusika anakufa kila mara, sasa filamu uianzie wapi? Waliitengeneza vizuri kuliko watu wanavyosema, na ina wapenzi wake, ila kwenye majumba ya sinema ilipata kama milioni 9.

Kuna njia nyingine ambayo ni salama zaidi: kutoka skechi kwenda kipindi cha nusu saa. The Family ya Carol Burnett ilikuwa skechi za ugomvi wa ukoo zilizoanza 1974, na 1983 ikatoka Mama's Family. Vicki Lawrence alimcheza mama wa Eunice, na Eunice ni Burnett, aliyemzidi Lawrence umri kwa karibu miaka 16. Ilihimili kwa sababu tangu mwanzo ilikuwa tamthilia ndogo yenye vidonda vya kweli, siyo mtu mmoja na kibwagizo.

---

MzeeWaAntena

Usiisahau The Simpsons, mkuu. Vipande vifupi ndani ya The Tracey Ullman Show kuanzia 19 Aprili 1987, vilikuwa 48, halafu kipindi kamili 17 Desemba 1989. Familia tena. Ukoo hauishiwi.

---

BintiSkrini

Vifo sasa. Mhusika wa kujirudia asipouawa na mbunifu wake, anauawa na kibwagizo chake.

Eddie Murphy alichoka kusimamishwa kila mahali aigize mhusika wake Buckwheat, mwaka 1983 SNL ikaonyesha Buckwheat akipigwa risasi, na skechi yote ikawa kejeli ya jinsi vituo vya habari vinavyorudia picha za mauaji bila kikomo. Hiyo ni namna ya heshima: kifo kina hoja yake.

Harry Enfield alimtengeneza Loadsamoney, fundi wa kupiga lipu anayetikisa bunda la noti, kuwasuta walevi wa fedha wa enzi za Thatcher. Watu wakamchukua kama shujaa, wakatikisa noti zao. Enfield akamgongesha gari kwenye Comic Relief, kipindi cha TV cha kuchangisha fedha za hisani. Tatizo lilikuwa kwenye muundo: Loadsamoney hakuwahi kushindwa ndani ya skechi. Mhusika wa kusutwa asiposhindwa, nusu ya ukumbi itamwona kiongozi.

Catherine Tate naye alimuua Lauren, yule mwanafunzi asiyejali, kwa ajali ya mtumbwi kwenye kipindi cha Krismasi 2007. Mapema mwaka huo huo Tony Blair, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, alikuwa ametamka kibwagizo chake kwenye Comic Relief. Waziri mkuu akishakisema, vijana hawakitaki tena.

Dave Chappelle ni habari nyingine. Skechi yake ya mwanamuziki Rick James ilitoka Februari 2004, na baada ya hapo watu walimpigia kelele za kibwagizo kila jukwaa alilopanda, asimalize sentensi. Mei 2005 aliacha kazi na mkataba wa dola milioni 50 akaenda Afrika Kusini. Sababu zake zilikuwa nyingi, hiyo ya kelele ni mojawapo tu, msije mkaibeba peke yake.

Na kuna kifo cha baadaye. Little Britain, kipindi cha skechi cha Uingereza, iliondolewa kwenye iPlayer ya BBC na Netflix Juni 2020 kwa sababu ya waigizaji weupe kupaka nyuso rangi wajifanye weusi. Wigi na rangi ni njia ya mkato ya kumfanya mtu atambulike haraka, na njia za mkato ndizo zinazozeeka vibaya.

---

SheriaNaRimoti

Hakuna aliyegusa umiliki, na hapo ndipo watu hulia.

Kanuni ya jumla: mhusika aliyebuniwa chini ya mkataba wa ajira wa kituo huwa wa kituo, isipokuwa mkataba useme vingine. Umbo, jina, kibwagizo. Mwendeshaji wa kipindi cha usiku David Letterman alipohama NBC kwenda CBS mwaka 1993, NBC walidai mali zao. Mzee Calvert DeForest, mwigizaji wa kipindi chake aliyejulikana kama Larry "Bud" Melman, ikabidi aonekane CBS kwa jina lake halisi. Mtu yule yule, miwani ile ile, jina limebaki nyuma.

Stephen Colbert alipata la kuchekesha zaidi. Julai 2016 alimrudisha kwenye Late Show yule mhusika Colbert aliyemcheza kwenye kipindi chake cha zamani. Mawakili wa kampuni ya zamani wakasema mhusika huyo ni mali yao. Akatangaza kwamba hatarudi tena, kisha akamleta binamu yake pacha, Stephen Colbert mwingine.

Mexico ndiko kesi zilikochukua miaka. El Chavo ilianza kama skechi ndani ya kipindi cha Roberto Gómez Bolaños, ikajitegemea 1973. Carlos Villagrán, aliyemcheza mhusika Quico, alipoondoka alimwandika Kiko ili aendelee kufanya kazi. María Antonieta de las Nieves alimsajili mhusika wake La Chilindrina kwa jina lake mwenyewe, wakagombana na Bolaños mahakamani, na haki ikabaki kwa María Antonieta. Fundisho la kiutendaji: usajili una muda wake, na asiyehuisha anafungua mlango.

Hata hapa kwetu Tanzania lipo. Lile kundi la Ze Comedy lilipotoka EATV kwenda TBC1, jina halikwenda nalo. Likawa Orijino Komedi.

Tracey Ullman alishtaki studio ya Fox adai sehemu ya faida ya The Simpsons, akashindwa 1992. Vilizaliwa ndani ya kipindi chenye jina lake, lakini hakuvibuni yeye.

Kwa anayeanza: kabla hujamchezesha mhusika kwenye kituo, mrekodi jukwaani, hifadhi mswada wenye tarehe, na kwenye mkataba andika kwa jina kwamba mhusika fulani aliletwa, hakubuniwa kazini. Ukisema "haki zote za msanii" bila kumtaja, wakili wa upande wa pili atashukuru.

---

Kibwagizo77

SheriaNaRimoti umemaliza. La mwisho kwa ChumbaChaWaandishi: mhusika arudi mara ngapi kabla ya kuchosha? Matt Foley alirudi mara ngapi?

---

ChumbaChaWaandishi

Foley mara nane kwa jumla. Ndogo kuliko watu wanavyokumbuka, na ndiyo sababu mojawapo wanamkumbuka.

Idadi yenyewe haisaidii sana. Angalia nafasi kati ya kurudi na kurudi, na kama kila safari kuna kitu kimoja ambacho hakikuwepo. Mara ya kwanza unamtambulisha, ya pili unathibitisha kanuni, ya tatu lazima kanuni ipate mgeni: mtu anayemshinda, mahali pasipomfaa, au ndugu anayefanana naye. Ukimrudisha wiki mbili mfululizo kabla ya hapo, unatumia akiba ya makofi tu.

Kumuaga mhusika vizuri kunawezekana. Stefon alianza 2008 kama ndugu wa mhusika mwingine kwenye skechi ya kawaida, hakushika. Aprili 2010 wakamhamishia meza ya habari, akashika papo hapo. Skechi ilimtaka afanye mambo. Meza ilimtaka atoe orodha ya vilabu vya usiku, na orodha ndiyo nguvu yake. Kwa hiyo kabla ya kumzika mhusika, mbadilishieni kiti kwanza. Akaagwa 18 Mei 2013, Hader anaondoka, Stefon anakwenda kuolewa kanisani, Seth Meyers, mtangazaji wa meza ya habari, anaacha meza na kumkimbilia.

---

Fundi_Taa

Sehemu ya kanisani ilirekodiwa kabla. Meyers anatoka studio mbashara, kanda inashika, kanda inaisha, wote wawili wanaingia mezani mbashara tena. Kwa hiyo tai, nywele na jasho vya kwenye kanda lazima vifanane na vya usiku ule. Mtu wa mavazi ndiye aliyekuwa na kazi ngumu kuliko wote hapo.